Kutangaza biashara ndogo bila kukata njiani, nyie mnafanyaje?

Mikoba_ya_Mkono

Habari za humu wadau, naomba mawazo yenu na mniambie ukweli tu. Nina kabiashara kadogo ka mikoba na pochi za ngozi, nakata na kushona mwenyewe, kuna binti ananisaidia kumalizia. Kazi yenyewe haina tatizo, mtu akinunua mara nyingi anarudi au analeta mwenzie. Tatizo ni kutangaza. Nikisema naanza, naanza kweli, picha asubuhi, stetasi mchana, Instagram jioni, na TikTok nafungua, moto juu. Oda zikiingia najifungia kushona, kutangaza kunasimama kabisa, nikija kushtuka oda zimeisha, ukurasa umelala, watu wameshanisahau, basi naanza tena sifuri. Na kila nikianza tena lazima nianze na kitu kipya, mara nabadilisha logo, mara nimeona mtu anafanya laivu na mimi nataka laivu, mara nimesikia picha zimekufa siku hizi ni video tu. Nguvu ya soda kabisa yaani.

Sitafuti motisha jamani, motisha ninayo, inakuja na kuondoka yenyewe. Nataka kujua nyie mnaofanya peke yenu bila kuajiri mtu wa mitandao mnashikiliaje kitu kimoja mpaka kilete matunda. Na mnajuaje kwamba hiki hakifanyi kazi niache, na hiki bado muda wake nivumilie? Maana mimi hapo ndo napotelea. Na siku ambayo kichwani hamna kitu, mnaweka nini?


Daftari_Jeusi

Dada kabla ya kujibu nikuulize, wateja wako wa karibuni walikujuaje? Sio unavyodhani, walivyosema wao. Wengi humu wakiulizwa hivyo watakwambia "Instagram" kwa sababu ndiko wanakohangaika zaidi, ukichimba unakuta nusu ya hela imetoka kwa mtu aliyeonyeshwa mkoba na shoga yake.

Mimi nina daftari, juu nimechora mistari, jina, alichonunua, na safu moja nimeandika "alitujulia wapi". Kila anayelipa anaulizwa, hata kama naona aibu kuuliza. Na usimuulize kwa kumpa majibu, usiseme "umetuona Instagram eeh?" atakubali tu ili mambo yaishe. Muulize hivi, "samahani, kwani ulitupataje?" kisha nyamaza uandike maneno yake. Ukishakuwa na ukurasa mmoja umejaa utaona mahali pamoja panajirudia, na hapo ndo unaposhika, kwingine kote unaacha. Sio unapunguza, unaacha. Hii habari ya kwamba lazima uwe kila mtandao ni ya makampuni yenye watu wa kulipwa kukaa kwenye simu kutwa nzima, wewe una mikono miwili na hiyo hiyo ndo inashona.

Nyingine, usiache wateja wako wote wakae ndani ya simu tu. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima zote kwa pamoja kwa muda wa karibu masaa sita, dunia nzima, watu ambao oda zao zote zilikuwa kwenye chati walikaa wanatazamana. Majina na namba andika mahali unapopashika kwa mkono.


Fundi_Wa_Vioo

Mkuu wa daftari kaongea vizuri ila hajajibu swali la kukata njiani, maana mtu anaweza kujua kabisa ashike wapi na bado akaacha. Mimi ni fundi simu, niko peke yangu, na nachokiona ni kwamba unajipangia kazi ya siku nzuri. Asubuhi, mchana, jioni, mitandao mitatu, hiyo ratiba inawezekana siku huna oda. Oda ikija lazima ife. Kwahiyo jipangie kazi ya siku mbaya, yaani siku una oda zimekubana, kichwa kinauma, na mtoto hajalala. Siku hiyo unaweza kufanya nini bila kujidanganya? Kama ni picha moja na sentensi mbili, basi hiyo ndo ratiba yako, siku nzuri ukizidisha ni bonasi.

La pili, usikae chini "kutengeneza kontenti". Kontenti ni kazi yenyewe inavyoendelea. Kwangu ikija simu betri imevimba mpaka mgongo umeachia gundi, kabla sijagusa kitu napiga picha ya ubavuni ule mwanya uonekane. Nikitoa betri nailaza pembeni ya mpya, picha ya pili, yaani unaona moja imenyooka na nyingine ina kitambi. Naandika "simu ikianza kuachia mgongo usiiweke chaji, zima, ilete." Basi imeisha, naendelea na kazi. Sijafikiria chochote, na mtu akiona yake inaachia mgongo anajua aende wapi. Wewe unakata ngozi, unatoboa, unashona, unasugua kingo, hapo pana picha ngapi? Shida yako sio kichwa kitupu, shida unasubiri mkoba uishe ndo upige picha ya mkoba, na mkoba ukiisha kila picha inafanana.

La tatu ni kuigandisha hiyo kazi ya kuposti kwenye kitu ambacho tayari unakifanya. Kuna mwanasaikolojia anaitwa Peter Gollwitzer, aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya namna ya "ikitokea hiki, nafanya hiki". Kwamba mtu aliyesema "nitafanya zaidi" na mtu aliyesema "nikishamaliza kitu fulani, palepale nafanya kitu fulani", huyu wa pili ana nafasi kubwa zaidi ya kufanya kweli. Kwahiyo usiseme nitaposti kila jioni, jioni ni ndefu na ina mambo yake. Sema nikishafunga uzi wa mshono wa mwisho, kabla sijanyanyuka kwenye kiti, nachagua picha moja. Mimi yangu ni nikifunga bisibisi kwenye mfuko wake. Na ukiruka siku, ruka tu, kesho yake endelea, usianze kampeni mpya ya kujiadhibu.


Mbishi_Mkweli

Mnampotosha dada wa watu. Kudumu kwenye kitu kibovu ni kudumu kwenye ubovu. Kuna watu wanaposti kila siku ya Mungu "jipatie mkoba mzuri kwa bei nafuu, karibuni wateja wetu wapendwa" na maua matano mwisho, hawajawahi kuruka hata siku, na hakuna anayewaona. Algorithimu, yaani ule mfumo wa mtandao unaochagua nani aonyeshwe nini, haikudai mahudhurio, inaangalia watu wanasimama au wanapita. Swali la kwanza ni una nini cha kusema, ratiba baadaye.

Nikuulize dada, kwanini ninunue mkoba wako nisinunue wa dukani uliotoka kiwandani? Nijibu kama unaongea na mimi, usinijibu kama bango.


Mikoba_ya_Mkono

@Mbishi_Mkweli haya nakujibu. Wa kiwandani mwingi umeshonwa kwa cherehani, uzi wa juu na wa chini zinafungana katikati. Uzi ukikatika sehemu moja mshono unaanza kuachia, unajua ule ukivuta kidogo unafuata tu. Mimi nashona kwa mkono, uzi mmoja sindano mbili, moja kila upande, zinapishana kwenye kila tundu. Ukikatika mahali pamoja pale pengine pameshika bado. Na mpini ndo unaoanza kuachia siku zote kwa sababu ndo unaobeba uzito, kwahiyo kwenye mpini ndo nakaza zaidi.

@Fundi_Wa_Vioo umenigusa hapo kwenye siku mbaya aisee. Na ni kweli nasubiri mkoba uishe.

@Daftari_Jeusi nimekaa nimepiga hesabu kichwani, sina daftari, ila wengi ni wa kuletwa na wateja wa zamani na WhatsApp. Instagram wapo wachache. TikTok sidhani kama yupo aliyelipa lakini ndo ninakokupenda, huko nafurahi.


Mbishi_Mkweli

Sasa hayo uliyonijibu umeshawahi kuyaposti popote? Uzi mmoja sindano mbili? Najua hujawahi. Umekaa unahangaika na logo wakati una kitu ambacho mimi nisiyependa mikoba nimesoma mpaka mwisho. Chukua mkoba wa kiwandani umechakaa, kata uzi mmoja kwenye mshono, vuta, rekodi. Chukua wako, kata uzi mmoja, vuta, rekodi. Hiyo sio posti moja, ukiigawa ni nyingi. Mpini peke yake, kingo peke yake, aina ya ngozi, namna ya kuitunza isipasuke, kwanini zipu fulani zinakufa haraka, kila jambo siku yake.

Ratiba ya fundi sasa ndo naikubali, kwa sababu una cha kuweka ndani yake.


Nuru_K

Mimi nasomaga tu humu ila hapa niseme. Nina biashara ya kusafisha makochi na mazulia, na kilichokuwa kinanimaliza sio kukosa cha kuposti, ni kile kitendo cha kufungua simu kuposti. Unaingia dakika mbili kuweka picha, unatoka baada ya saa nzima umeangalia harusi ya mtu usiyemjua, na umeshaona mwenzio mwenye biashara kama yako ana laiki kibao, roho imeshuka, ile picha yako unaiona mbaya, unaifuta. Nadhani wengi tunaosema hatuna msimamo shida iko hapo, tunaandikia mahali ambapo pametengenezwa makusudi tusitoke.

Nachofanya, naandika maneno kwenye sehemu ya noti kwenye simu, data nimezima. Siku moja ya wiki nakaa naandika za wiki nzima, fupi fupi. Za Facebook na Instagram unaweza kuzipangia tarehe na saa kwenye Meta Business Suite, programu ya Meta wenye Facebook na Instagram, ni bure, zinajituma zenyewe hata kama wewe uko mgongoni mwa kochi na mashine. Stetasi ya WhatsApp nakopi kutoka kwenye noti nabandika, natoka. Ile baada ya saa 24 inafutika yenyewe kwahiyo hata ikiwa sio nzuri sana hakuna msiba. Na taarifa za laiki nimezizima zote, nimeacha za meseji tu, kwa sababu meseji ndo mteja, laiki ni salamu.

Af dada usiache TikTok kama unaipenda, ila ihesabu ni starehe. Usiihesabu kama kazi ya kutangaza uliyofanya leo. Mimi nilivyotenganisha hivyo hata hatia iliisha.


Daftari_Jeusi

@Nuru_K hiyo ya mwisho nimeipenda. Na kwa hesabu yako dada Mikoba jibu limeshapatikana, WhatsApp na wateja wa zamani, nenda huko. Tena huko watu wengi hawafanyi sawa. Brodkasti ya WhatsApp, ule ujumbe mmoja unaoutuma kwa wengi, orodha moja inabeba watu 256, lakini inamfikia yule tu aliyesevu namba yako kwenye simu yake. Yaani unaweza kutuma ukajiona umetangaza kumbe imefika kwa wachache mno, waliobaki hawajui hata kama upo. Kwahiyo siku unamkabidhi mtu mkoba wake mwambie palepale "nisevu Mikoba, nikitoa rangi mpya utaona kwanza." Asimame mbele yako asevu. Hiyo sekunde kumi ina thamani kuliko posti ya wiki.

Na tumia WhatsApp Business kama bado, ina lebo. Mimi nina aliyeuliza, aliyelipa nusu, aliyemaliza. Siku nina nafasi nafungua "aliyeuliza" nampitia mmoja mmoja. Unashangaa mtu anakwambia "nilikuwa nasubiri uniambie". Huko pia ni kutangaza, ila kwa kuwa hakuna laiki watu hawakuhesabu.


Mikoba_ya_Mkono

Nashukuru sana jamani mnanifungua. Swali lile la kuvumilia au kuacha bado halijajibiwa. Kwa mfano nililipia tangazo Facebook, siku mbili kimya, nikabadilisha picha, kimya, nikabadilisha maneno na watu wa kuwafikia, nikazima. Hela ikaenda. Hapo nilitakiwa nivumilie au nilifanya sawa kuzima?


Lipa_Kwa_Kubofya

Hapo ndo kwangu, nafanya kazi ya matangazo ya kulipia. Dada ulichokifanya ni kufunua sufuria kila dakika halafu unalalamika maji hayachemki. Mfumo wa matangazo wa Meta una kipindi cha kujifunza, unajaribu kuwaonyesha watu wa aina hii na ile uone nani anajibu, na mwongozo wao wenyewe unasema kipindi hicho kwa kawaida kinaisha tangazo likishapata matokeo kama 50 hivi ndani ya siku 7. Ukibadilisha picha au walengwa, au ukicheza na bajeti kwa kiasi kikubwa, kinaanza upya. Wewe umekirudisha mwanzo mara zote, kwahiyo hujawahi kujua kama tangazo lilikuwa baya, hukuliachia nafasi ya kuwa baya.

Sasa kusema ukweli, kwa bajeti ya biashara ndogo kufikisha matokeo 50 ya mauzo ndani ya wiki ni ngumu, tena kwa kitu cha bei kama mkoba wa ngozi. Kwahiyo chagua lengo jepesi, mtu atume meseji badala ya mtu anunue, meseji zinakuja nyingi kuliko mauzo na mfumo unapata cha kujifunzia. Picha moja, maneno mamoja, siku saba, mikono mfukoni. Kama bajeti yako haiwezi kukaa siku saba bila kukuuma roho, usilipie kabisa mwezi huu, hiyo hela nunua ngozi. Sisemi hivi kwa kupenda, mimi ndo nakula huko.

Na kingine kuhusu uvumilivu. Kuna mtafiti anaitwa John Dawes wa Ehrenberg-Bass Institute, taasisi ya utafiti wa masoko kule Australia, mwaka 2021 alieleza kitu watu wa masoko wanakiita kanuni ya 95 kwa 5. Alikuwa anazungumzia kampuni zinazouziana zenyewe kwa zenyewe, mfano kampuni inayobadilisha mtoa huduma mara moja kwa miaka mitano, maana yake ndani ya miezi mitatu yoyote ni kama asilimia 5 tu ndo wako sokoni kununua. Waliobaki wote tangazo lako leo haliwahusu, linawahusu siku yao ikifika. Kwa mikoba namba ni nyingine ila wazo ni lile lile, mtu hanunui mkoba wa ngozi kila wiki. Anayeona stetasi yako leo ana mkoba mzima begani. Utaonekana unaongea na ukuta, lakini wake ukikatika mpini atamkumbuka nani? Yule aliyekuwa anaonekana, sio yule aliyekuwa anawaka wiki moja anazima mwezi.


Mbishi_Mkweli

Sawa ila isiwe kisingizio cha kuvumilia hadi kiama. "Asilimia tano" kila mtu sasa atajificha humo.


Lipa_Kwa_Kubofya

Kweli kabisa. Ndo maana siku ya kupima unaiweka kabla hujaanza, wakati akili imetulia, sio katikati wakati roho inauma. Andika kwenye karatasi "nafanya hivi mpaka tarehe fulani, nikiona kitu fulani naendelea, nisipokiona nabadilisha kitu KIMOJA." Ukibadilisha vitatu kwa mpigo hata ikifanya kazi hujui ni kipi kilichofanya.

Na uangalie ni wapi panavuja. Watu wanaona lakini hawaulizi, hapo tatizo ni picha au maneno. Wanauliza lakini hawalipi, hapo usiguse matangazo, angalia unajibu baada ya muda gani, unajibu vipi, na je bei ilikuwa imeandikwa au ulimwambia "njoo inboksi". Wanalipa lakini hawarudi, hapo ni bidhaa au huduma, na kwako dada sio huko. Watu wengi wakiona hela haiingii wanakimbilia kubadilisha mtandao, kumbe meseji zimekaa hazijajibiwa toka juzi.


Mikoba_ya_Mkono

Duh. "Hazijajibiwa toka juzi" umenisema mimi, nikiwa nashona sishiki simu mikono ina gundi.

Na bado naona aibu moja, kwamba nitakuwa najirudia. Nikisema habari ya sindano mbili leo, mwezi ujao nikiisema tena si watu watachoka?


Nuru_K

Hawatachoka maana hawajaiona. Wewe unaona posti zako zote, mteja anaona moja moja tena akiwa kwenye foleni. Mimi video ya maji machafu yanayotoka kwenye zulia nimeirudia sijui mara ngapi, mazulia tofauti maji yale yale, na kila mara kuna mtu anaandika "kumbe ndo hivi!" utafikiri nimeianza leo.


Fundi_Wa_Vioo

Niongezee hapo kwa Nuru. Mwaka 1968 Robert Zajonc alionyesha watu vitu wasivyovijua, maneno ya kubuni, alama za maandishi ya kigeni, sura za watu, vingine mara moja vingine mara nyingi, na vile walivyoviona mara nyingi zaidi ndo walivyoelekea kuvipenda, bila kuelezwa chochote kuhusu hivyo vitu. Sasa wewe una na maelezo juu yake. Usirudie picha ile ile kila kukicha, hapo ndo watachoka, ila habari ile ile kwa mkoba mwingine, rudia bila aibu.

Na kwenye mazoea, pale University College London, Phillippa Lally na wenzake walifuatilia watu 96 kila mmoja kajichagulia kijitabia kidogo cha kila siku. Kwa wastani ilichukua kama siku 66 kitendo kuwa cha kujiendea chenyewe, ila tofauti ni kubwa, wengine siku 18, wengine makadirio yalifika 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Nakwambia hii kwa sababu ukifika wiki ya tatu bado unajisukuma utafikiri una kasoro, huna kasoro, bado tu. Na vile vilikuwa vitu vyepesi, kunywa maji na kutembea kidogo, kutangaza ni kuzito zaidi.

Kuhusu gundi mikononi, majibu ya haraka. WhatsApp Business unaandika jibu lako mara moja unalipatia jina fupi, ukipiga mkwaju (/) na hilo jina, jibu linakuja lote. Mimi nina la bei ya vioo, la muda wa kusubiri na la mahali nilipo. Na weka nyakati mbili za kujibu kwa siku, ziandike kwenye profaili, mtu akijua unajibu mchana na jioni anasubiri, asipojua anaondoka. Binti si yupo? Yeye apige picha wakati wewe umeshika sindano, mikono yako ndo ionekane. Ila kujibu jibu mwenyewe, angalau kwa sasa, maswali ya wateja ndo posti zako za wiki ijayo.


Mikoba_ya_Mkono

Sawa basi naamua hapa hapa mbele yenu ili nisikwepe. Stetasi ya WhatsApp na wateja wa zamani, hiyo ndo kazi. Instagram naiacha iwe kama albamu, naweka ile ile ya stetasi, sihangaiki nayo. TikTok starehe. Nikifunga uzi wa mwisho wa siku, picha moja na sentensi mbili. Hakuna tangazo la kulipia kwa sasa, wala logo sigusi. Daftari nanunua kesho. Nikipata wazo jipya, laivu sijui mashindano sijui nini, naliandika ukurasa wa nyuma wa daftari na silifungui mpaka siku ya kupima, nimeweka mwisho wa mwezi wa tatu kutoka sasa. Nitakachoangalia ni wangapi wameuliza na wangapi wamelipa, laiki sihesabu.

Na hii ndo naiweka leo, binti kashapiga picha, mikono yangu na sindano zote mbili:

"Habari wapendwa wateja wetu, leo tumewaletea kitu kizuri. Huu mpini umeshonwa kwa uzi mmoja na sindano mbili. Uzi ukikatika tundu moja, matundu mengine yote bado yameshika. Mkoba unapatikana mweusi na kahawia, karibuni sana."


Mbishi_Mkweli

Sentensi ya kwanza futa yote, anza na "huu mpini". "Karibuni sana" futa. Andika bei.


Mikoba_ya_Mkono

Hahaha haya nimefuta. Bei nimeandika. Nimeituma.


Mbishi_Mkweli

Kahawia imebaki mingapi?